Tulcea: Kaunti ya Mwisho wa Danubi

Romania ina kaunti 41, na kila moja ina namba yake ya kujivunia. Tulcea, iliyo kona ya kusini-mashariki ambako mto Danubi unaishia kwenye Bahari Nyeusi, ina namba ya ajabu kidogo: ndiyo yenye watu wachache kuliko zote. Sensa ya 2021 iliwakuta watu 193,355 tu. Si kwamba hakuna nafasi. Kwa ukubwa ni ya nne nchini, kilomita za mraba karibu 8,500, kwa hiyo kila kilomita ya mraba ina watu 23 hivi, wakati wastani wa Romania unakaribia 80. Sababu ni maji. Sehemu kubwa ya kaunti ni mito, maziwa na matete, na matete hayapigi kura.

Kiutawala ni jambo jepesi kueleza: manispaa moja ya Tulcea, miji minne midogo, komuni za vijijini 46, baraza la kaunti linalochaguliwa, na mkuu wa kaunti anayeteuliwa na serikali ya Bucharest. Ila juu ya delta ya Danubi, ambayo ni hifadhi ya mazingira, kuna mamlaka nyingine, ile ya hifadhi hiyo, ambayo ina usemi wake juu ya uvuvi, ukataji wa matete na mwendo wa boti. Mvuvi wa huko anajua kwamba ana wakubwa zaidi ya mmoja.

Delta yenyewe ni ya pili kwa ukubwa barani Ulaya baada ya ile ya Volga, na iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1991. Matawi yake makuu ni matatu; la kati, Sulina, nitalifikia baadaye. Chilia, la kaskazini, ndilo linalobeba maji mengi kuliko mengine na ndilo mpaka na Ukraine. Sfântu Gheorghe, la kusini, ndilo kongwe. Mdomoni mwa tawi hilo kuna Sacalin, miongoni mwa ardhi changa kuliko zote za Romania: kisiwa cha mchanga kilichojitokeza baada ya mafuriko ya 1897 na bado kinabadilika umbo. Kusini zaidi liko ziwa Razim, kubwa kuliko yote nchini. Mwari mweupe ana makoloni yake makubwa kuliko yote ya Ulaya hapa, na majira ya baridi yanapokaribia hufunga safari ya Afrika. Korongo weupe nao hushika njia ya bonde la Nile, na baadhi yao hufika hadi Afrika Mashariki na kusini zaidi.

Upande wa magharibi kuna mzaha wa jiografia. Milima ya Măcin ndiyo mikongwe kuliko yote ya Romania, na uzee umeifupisha: kilele chake kirefu kina mita 467 tu. Mkazi wa Moshi angeiita vilima, na asingekosea sana.

Lakini mji unaonivutia kuliko yote ni Sulina, wa mashariki kabisa na wa chini kabisa kutoka usawa wa bahari nchini, na miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote za Romania kwa mvua, ingawa umezungukwa na maji kila upande. Hakuna barabara inayouunganisha na nchi; ukitoka Tulcea unapanda meli. Mwaka 1856, baada ya Vita vya Krimea, mataifa ya Ulaya yaliunda Tume ya Danubi, moja ya taasisi za kwanza za kimataifa, yenye bendera yake na haki ya kutoza meli ushuru. Mhandisi wake mkuu alikuwa Mwingereza Charles Hartley. Alikuta kina cha futi 9 hivi mlangoni mwa mto. Akajenga kuta mbili za kuingia baharini ili mkondo wenyewe usukume mchanga nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 kina kikazidi futi 16. Kisha tawi la Sulina likanyooshwa, kona baada ya kona, hadi urefu wake wa zaidi ya kilomita 80 ukashuka kufikia 63 hivi. Sifuri ya Danubi iko hapa: umbali wa mto huu huhesabiwa kutoka baharini kwenda juu, si kutoka chemchemi.

Leo Sulina ina watu elfu tatu na ushee. Uchumi wa kaunti umehamia kwingine: mji wa Tulcea una karakana ya meli na kiwanda cha alumina kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2022, nyanda za kusini zina mitambo ya upepo, matete huuzwa nje kwa kuezekea nyumba. Uvuvi wa sturjeni, samaki wa kaviari, umepigwa marufuku tangu 2006.

Vita vya Ukraine vilirudisha foleni za meli mlangoni mwa Sulina, zikienda kupakia nafaka kwenye bandari za Izmail na Reni. Vilileta pia jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Septemba 2023 vipande vya droni vilianguka karibu na kijiji cha Plauru, ng'ambo ya Izmail, na jeshi likaenda kuwajengea wanakijiji mahandaki ya zege.