Mtoto Alipougua Wakati wa Livu

Wengi wetu tulioajiriwa katika ofisi za serikali hatufanyi kazi mahali tulipozaliwa. Mtu wa milimani hupelekwa pwani, na mtu wa pwani hupelekwa milimani, naye akiisha kulizoea joto au baridi ya huko hupewa livu yake, akarudi kwao pamoja na mkewe na watoto. Hubeba zawadi, nguo mpya na habari za mji. Mara nyingine hubeba pia jambo asilolijua. Mimi nilibeba malaria kutoka Kwale hadi kwetu Ziwa mwezi wa Agosti 2025, imo ndani ya damu ya binti yangu wa miaka mitatu, na nilikaribia kumpoteza mtoto huyo kwa sababu ya jibu moja nililolitoa kwa majivuno.

Kwa wasiopajua, Ziwa ni mahali penye soko katika Kaunti ya Uasin Gishu, kaskazini ya mji wa Eldoret. Msomaji asidanganywe na jina akadhani kwamba sisi ni wavuvi; kazi yetu ni mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Nchi iko juu sana, na mwezi wa Agosti mvua hunyesha karibu kila alasiri, barabara za udongo zikawa utelezi, na jioni watu husogea karibu na moto. Mtu atokaye Kwale, ambako usiku hulala bila shuka kwa ajili ya joto, huona kama ameingia nchi nyingine.

Tulifika jioni, baada ya kupanda gari la moshi hadi Nairobi na basi hadi Eldoret. Mama yangu alimpokea mjukuu wake kwa furaha nyingi, akamfunga shali mbili. Siku tano zilipita katika kuamkiana na jamaa. Siku ya sita mtoto aliamka na homa, akakataa chai, akakataa hata mursik ambayo siku zote huipenda. Mama akasema, "Ni baridi hii, mwanangu. Watoto wa pwani hawaijui." Mke wangu alitaka twende hospitali siku ile ile. Mimi nikaona afadhali nifuate maneno ya mama, kwani amelea watoto saba katika nyumba ile, na tena sikutaka kuanza livu yangu kwa kukaa kwenye foleni.

Basi nikaenda katika duka moja la dawa. Sitalitaja, wala sina haki ya kulilaumu sana, kama msomaji atakavyoona. Kijana muuzaji aliuliza mtoto ana dalili gani, nikamweleza homa na kikohozi kidogo. Kisha akaniuliza, "Mwatoka wapi, Bwana?" Nami nikajibu kwa sauti ya mwenye nyumba, "Hapa hapa Ziwa! Mimi ni mwenyeji, wala si mgeni." Nilitaja na jina la baba yangu. Yule kijana akafurahi, akanipa dawa ya maji ya kikohozi na ya kuteremsha homa, nikalipa, nikaondoka.

Wakati mwingine nikikumbuka jambo hili huona haya kuliko kucheka. Mimi ni karani. Kutwa nzima kazi yangu ni kuandika habari za watu katika karatasi, na kila karatasi ina mistari miwili: mmoja ni wa mahali pa kuzaliwa na wa pili ni wa makao ya sasa. Mara ngapi nimemrudishia mzee wa watu karatasi yake kwa sababu amechanganya mistari hiyo! Siku hiyo niliichanganya mimi mwenyewe, na hapakuwa na karani wa kunirudishia.

Dawa ya homa ilifanya kazi yake, yaani mtoto alipoa kwa muda wa saa chache, akacheza, nasi tukatulia. Usiku homa ikarudi. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, mchana nafuu, usiku moto. Yafaa kufahamu kwamba dawa ya namna hiyo huteremsha joto la mwili tu, haiui kitu kilicholeta joto. Usiku wa tatu mtoto alitapika kila alichopewa, hata maji. Halafu akawa mlegevu, akiitwa hafumbui macho ila kidogo. Mke wangu hakuniuliza tena. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, akasema, "Baba watoto, tafuta gari."

Jirani mmoja, Mungu ambariki, alitoa pikapu yake saa nane ya usiku. Mvua ilikuwa imenyesha, na mara mbili ilitubidi kushuka na kusukuma. Katika kusukuma kule mara ya pili mtoto alishikwa na degedege mikononi mwa mama yake. Kule pwani wako watu ambao wakiona mtoto anatetemeka hivyo husema ni pepo, wakampeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, na wengine huogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mke wangu alikuwa amesikia maneno hayo Kwale, nami nilimwona akitazama sindano zilipoletwa baadaye. Lakini hakusema kitu. Degedege la namna hii ni alama ya ugonjwa mkali, na sindano hiyo ndiyo humwokoa mtoto; acheleweshaye ndiye amwuaye.

Tulipofika hospitali ya serikali ya pale Ziwa tulimkuta afisa wa kliniki, binti kijana, pamoja na muuguzi mmoja. Hawakutuuliza habari za fedha kwanza. Walimlaza mtoto ubavu, wakampa dawa ya kutuliza degedege, wakapima sukari katika damu, kwa sababu mtoto mwenye homa kali asiyekula huweza kupungukiwa na sukari mpaka akazimia. Kisha afisa akafunua kifua cha mtoto, akatazama saa yake na kuhesabu pumzi kwa muda wa dakika nzima. Alinieleza baadaye kwamba mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano akikohoa na kuvuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika hushukiwa kuwa na nimonia. Za binti yangu zilikuwa 36.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Mwatoka wapi?"

Nikajibu tena, "Ziwa." Hakika nilijibu hivyo mara ya pili!

Yeye hakuridhika. "Sikuulizi kwenu ni wapi, Mzee. Nauliza huyu mtoto alilala wapi mwezi uliopita."

Nikasema, "Kwale." Kabla sijamaliza neno muuguzi alikuwa amekwisha kuchukua kifaa cha kupimia malaria. Walichoma kidole, tone moja la damu likatiwa, na baada ya dakika kama 15 mistari miwili ikaonekana. Damu nyingine ilipelekwa kutazamwa kwa hadubini ili kuhesabu vijidudu, lakini hawakungojea hesabu hiyo. Sindano ya kwanza ya artesuneti ilipigwa mara moja.

Msomaji atauliza, malaria ya Kwale ilingojaje mpaka tufike Ziwa? Jambo hili ni la kufahamika sana. Mbu wa anofelesi akimwuma mtu na kumtia vijidudu, vijidudu hivyo huenda kwanza katika ini, navyo hukaa humo juma moja au zaidi, vikiongezeka pasipo dalili yo yote. Ndipo huingia katika damu, na homa huanza. Kwa hiyo mara nyingi siku 10 hadi 15 hupita baina ya kuumwa na kuugua. Katika siku hizo mtu anaweza kufunga mzigo, kusafiri kilomita mia nane, na kuwaamkia jamaa wote, akidhani yu mzima.

Tena vijidudu vya malaria kali vikiwa ndani ya mbu huhitaji joto ili vikomae. Nchi ikiwa na baridi chini ya nyuzi 18 hivi, kukua kwake hupungua sana au hukoma. Ndiyo maana nchi za juu kama yetu hazina malaria nyingi kama pwani au kando ya ziwa la Victoria, na ndiyo maana muuzaji wa dawa akiona mtoto wa Ziwa ana homa na kikohozi wakati wa mvua hufikiri baridi kwanza. Lakini asidhani mtu kwamba milima ni ngome. Katika nchi jirani ya Nandi malaria ilizuka kwa ukali baada ya vita vya kwanza vya dunia, miaka ya 1918 na 1919, askari waliporudi kutoka nchi za joto walikopigania. Watu wa juu wakipatwa huumia zaidi, kwa kuwa miili yao haikuzoea. Mtoto wa pwani aliyeumwa mara nyingi hupata nguvu kidogo ya kuishindana, lakini akina sisi tuliokwenda huko juzi kwa ajili ya kazi hatuna nguvu hiyo, wala watoto wetu.

Sindano zilikuwa tatu katika muda wa siku moja: ya kwanza usiku ule, ya pili baada ya saa 12, na ya tatu baada ya saa 24. Dawa hiyo hutokana na mmea wa Kichina uitwao artemisia, na mwanamke wa China aliyeongoza kazi ya kutoa nguvu yake, Bibi Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jioni ya siku ile mtoto alifumbua macho, akamwita bibi yake. Nami nilitoka nje nikasimama kidogo nyuma ya jengo.

Alipoweza kunywa bila kutapika alianzishiwa vidonge vya AL, ambavyo hutolewa mara sita katika siku tatu, kwa kadiri ya uzito wa mtoto. Muuguzi alisema vidonge hivyo huingia mwilini vizuri vikifuatana na chakula chenye mafuta, hata maziwa. Mama yangu alilipokea agizo hilo kwa moyo mkunjufu, akaleta chupa nzima ya maziwa kutoka kwa ng'ombe wake. Muuguzi akaonya pia kwamba tusiache vidonge mtoto apatapo nafuu siku ya pili, kama wafanyavyo watu wengi, ili wabakize vya mtoto mwingine.

Sasa habari za karatasi, ambazo karani hawezi kuziacha. Kijitabu cha afya ya mtoto, chenye habari za uzito na chanjo, tulikuwa tumekiacha Kwale ndani ya sanduku. Kwa sababu hiyo ilibidi kuuliza mke wangu mambo mengi wakati ambapo hakuweza kukumbuka hata siku ya juma. Kitabu hicho ni chembamba, hakizidi uzito wa viatu vya mtoto. Tangu siku hiyo husafiri pamoja nasi. Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ndiyo iliyochukua mahali pa mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Mimi nilikuwa nimejiandikisha mapema, nikajisifu ofisini kwa kuwa wa kwanza. Ila binti yangu sikumtia katika orodha, kwani nilikuwa nangojea cheti chake cha kuzaliwa, kisha nikasahau. Cheti kilikuwa mezani kwangu miezi minne. Nililipa kwa fedha za livu, na safari ya kwenda kuwaona wajomba ikafutwa.

Siku ya tatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Afisa alinipa barua ya kumpa mganga wa Kwale, imeandikwa ugonjwa, dawa, tarehe na saa za kila sindano. Alisema mtoto apimwe damu tena baada ya majuma mawili, maana watu wachache waliopigwa artesuneti hupungukiwa na damu siku nyingi baadaye, hali wakionekana wamepona. Alisema pia kwamba mtoto akianza kukataa kunyonya au kunywa, au kutapika kila kitu, au kushikwa na degedege, au kulala usingizi usio wa kawaida, tusingoje kupambazuka.

Nilirudi kwa yule kijana wa duka la dawa kabla ya livu kwisha. Sikwenda kugombana naye. Nilimweleza yote, naye akanyamaza, kisha akasema, "Bwana, mimi niliuliza." Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba hata hivyo mtoto mwenye homa afadhali apimwe kabla ya kuuziwa dawa ya kikohozi, akakubali.

Damu ya binti yangu ilipimwa Kwale siku ya 14, ikaonekana njema. Chandarua chake kilikuwa kimefungwa juu ya kitanda, kama tulivyokiacha; siku za joto tulikuwa na desturi ya kukiinua ili apate upepo. Sasa huteremshwa kabla ya magharibi, na mama yangu hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama kimeteremshwa.