Nyongo Inapokosa Njia

Mara nyingi anayegundua ni jamaa wa karibu: macho ya mgonjwa yamegeuka manjano. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka, ngozi inawasha usiku kucha. Wapo wanaodhani ni malaria, kumbe njia ya nyongo imezibwa na saratani.

Kila siku ini hutengeneza zaidi ya nusu lita ya nyongo. Hushuka kwenye mfereji mwembamba, hupita katika kichwa cha kongosho, kisha humwagika kwenye utumbo kusaidia kumeng'enya mafuta. Uvimbe ukiubana mfereji huo, nyongo hukwama, na bilirubini, rangi yake ya manjano, huingia kwenye damu.

Mwaka 1980, Nib Soehendra na mwenzake huko Hamburg, Ujerumani, walichapisha mbinu ya kuuzibua bila kupasua tumbo: kupitisha kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, kisha kuingiza kimrija, yaani stenti, mahali palipobanwa.

Stenti ya plastiki ni rahisi kwa bei na hubadilishwa bila taabu. Lakini upana wake ni milimita 3 hivi tu. Bakteria hujenga utando ndani yake, tope la nyongo hunasa, na baada ya miezi 3 hivi huwa imeziba. Stenti ya chuma ni wavu uliokunjwa, ambao hufunguka ukifika mahali pake hadi milimita 10. Kipenyo kikiwa mara tatu, nafasi ya kupita nyongo huwa mara tisa, ndiyo maana hudumu zaidi. Nayo ina kasoro zake: ikiwa wavu mtupu, saratani huota kupitia matundu, ikivishwa utando, huteleza kwa urahisi zaidi.

Mahali pa kizuizi pia huamua. Karibu na ini, mifereji ya kulia na kushoto huungana kama herufi Y, na huenda zikahitajika stenti mbili au zaidi. Kamera isipofika, daktari huingia kwa sindano kupitia ngozi, au hutoboa kutoka tumboni akiongozwa na mawimbi ya sauti.

Hata hivyo, si kila manjano huhitaji stenti. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa wa saratani ya kichwa cha kongosho waliofaa kupasuliwa. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 74 ya waliozibuliwa kwanza, wengi kwa stenti za plastiki, na asilimia 39 ya waliopasuliwa mapema.

Kwa asiyeweza kupasuliwa, stenti haiui saratani, ila humrudishia usingizi, na bilirubini ikishuka huweza kuanza tibakemikali. Wanaomuuguza wakumbuke jambo moja: homa na kutetemeka baada ya kuwekewa stenti ni dalili kwamba huenda nyongo imekwama tena na kuingia vijidudu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja macho yageuke manjano.