Sura iliyo kwenye sarafu: somo la historia nyumbani

KISIWANI, Same – Mtoto anayetumwa dukani na shilingi 200 hubeba mkononi sura ya Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Sarafu hiyo inaweza kumfungulia historia ya babu zake.

Tangu kale watawala wametangaza mamlaka yao kwa fedha. Alexander wa Makedonia alitoa sarafu za dhahabu zenye jina lake. Karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa naye alitoa za kwake, za shaba na chache za dhahabu.

Upareni mtawala alifika na rupia. Kuanzia 1890 rupia ya Wajerumani ilibeba sura ya Kaisari Wilhelm II, kichwani kofia yenye tai. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Kodi ilipodaiwa kwa fedha taslimu, hata mwenye mahindi na mbuzi alilazimika kuuza, au kwenda kufanya kibarua kwa mlowezi, ili aipate sura ile.

Waingereza wakaleta shilingi yenye mfalme wao. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa. Hatimaye mbiru ikaondolewa. Mwaka 1966 zikatoka sarafu za Tanzania, zenye sura ya Mwalimu Nyerere.

Mzazi anaweza kuweka sarafu mezani na kumuuliza mtoto: Huyu ni nani? Kwa nini amewekwa hapa? Nani aliamua? Kisha babu au bibi aulizwe kodi ililipwaje zamani. Majibu hayo hayamo kwenye sarafu, na wanaoyajua wanapungua.

Familia iliyotunza rupia ya zamani isiisugue ing'ae, kwani kusugua hupunguza thamani yake. Iwe na hadhari pia na wauzaji wa "dhahabu ya Mjerumani". Rupia 15 za dhahabu, zenye tembo, zilitengenezwa kweli Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati vita ilipoikata koloni na Ujerumani. Lakini za bandia ni nyingi. Kabla ya kutoa hata senti, mtaalamu aione.