Viungo 28 vya Baridi Yabisi

Kisukari kina kipimo cha sukari, presha ina mashine yake. Baridi yabisi haina kipimo kimoja cha kutegemea. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo, na gegedu na mfupa huanza kulika. Picha ya eksirei huonyesha madhara yaliyokwisha kutokea. Haisemi ugonjwa una nguvu kiasi gani leo. Naye mgonjwa aliyezoea maumivu, akiulizwa hali, hujibu kwamba anaendelea vizuri.

Ndiyo maana madaktari huhesabu viungo. Kipimo mashuhuri, DAS28, kilichapishwa mwaka 1995 na watafiti wa Nijmegen, Uholanzi. Huangalia mabega, viwiko, vifundo vya mikono na magoti, yaani viungo 8, kisha vifundo 20 vya vidole vya mikono. Daktari hubonyeza kila kiungo kwa kidole gumba mpaka ukucha wake mwenyewe upauke, akiuliza kama panauma. Kisha hupapasa kutafuta uvimbe laini wenye majimaji, ambao ni tofauti na ugumu wa mfupa. Vidole na vifundo vya miguu havimo katika hesabu hiyo, ingawa ugonjwa huvipenda sana; mgonjwa anayeumwa nyayo asikubali kuambiwa amepona kabla hajavua viatu.

DAS28 huhitaji pia damu: chembe nyekundu zimezama milimita ngapi katika mrija kwa saa moja. Hapa kwetu Afrika Mashariki pana tatizo, kwa sababu upungufu wa damu, kifua kikuu na maambukizi mengine hupandisha namba hiyo hata viungo vikiwa vimetulia. Hesabu yenyewe ina vipeuo na logi, haifanyiki bila kikokotoo.

Mimi naona kliniki zetu zinafaa zaidi kutumia CDAI, iliyotolewa mwaka 2005 na wataalamu wakiwemo wa Vienna. Ni kujumlisha tu: viungo vinavyouma, viungo vilivyovimba, alama ya mgonjwa kuanzia 0 hadi 10, na alama ya daktari vilevile. Tuseme mama mmoja ana viungo 8 vinavyouma, 6 vimevimba, yeye anajipa 6 na daktari 5. Jumla ni 25, na chochote kinachozidi 22 ni ugonjwa mkali. Akishuka hadi 10, ugonjwa umepungua sana; akifika 2.8 au chini yake, umetulia.

Namba ya namna hii ina faida ikifuatwa na hatua. Katika utafiti wa TICORA uliofanyika Glasgow na kuchapishwa mwaka 2004, kundi moja lilipimwa kila mwezi na kuongezewa dawa kila alama ilipobaki juu. Lingine lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, kila miezi 3, bila alama. Dawa zilikuwa zilezile za zamani, wala si zile mpya za bei kubwa. Baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 65 ya kundi la kwanza, na asilimia 16 ya la pili. Tofauti hiyo kubwa ilitokana na ufuatiliaji.

Vidole vya watu wawili havibonyezi sawa, hivyo ni vizuri mgonjwa ahesabiwe na mtu yuleyule kila anaporudi, na jumla iandikwe kwenye kadi yake pamoja na tarehe.