Namba za kigeni katika Haskell

Namba za kigeni katika Haskell ni namba ambazo programu iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell hupokea kutoka lugha nyingine, hasa C, au hupeleka huko. Haskell ni lugha ya programu inayojengwa juu ya fanksheni za hisabati. Ilitangazwa mwaka 1990 na imepewa jina la Haskell Curry, mwanamantiki wa Marekani.

Aina

Ukubwa wa namba za C haulingani kwenye kompyuta zote. Kwa mfano, aina ya `long` ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini ina biti 32 kwenye Windows. Kwa sababu hiyo Haskell ina moduli ya `Foreign.C.Types`, yenye aina zinazofuata ukubwa wa C kwenye kompyuta husika: `CInt` na `CLong` kwa namba kamili, na `CDouble` kwa desimali. Ingawa `CDouble` hubeba thamani sawa na `Double` ya kawaida, Haskell huzihesabu kuwa aina mbili tofauti na haizichanganyi. Mwandishi wa programu lazima aibadilishe moja kuwa nyingine.

Kubadilisha

Namba kamili hubadilishwa kwa `fromIntegral`, na desimali kwa `realToFrac`. Mfano ufuatao unatumia fanksheni ya sini iliyomo katika maktaba ya C:

`foreign import ccall "sin" c_sin :: CDouble -> CDouble`

`sini :: Double -> Double`
`sini x = realToFrac (c_sin (realToFrac x))`

Hapa `x` inageuzwa kuwa `CDouble`, C inapiga hesabu, kisha jibu linarudishwa kuwa `Double`.

Kuonyesha kwenye skrini

Amri ya `print` huikubali `CInt` kama ilivyo: thamani 5 huonekana 5. Lakini `printf`, inayotumika kupanga namba kwa muundo maalumu, haiitambui `CInt`. Ni lazima kuibadilisha kwanza:

`printf "%d\n" (fromIntegral n :: Int)`

Hatari

`fromIntegral` haitoi onyo namba isipoenea. `CInt` yenye biti 32 huishia 2,147,483,647. Ikipewa 3,000,000,000 hutoa -1,294,967,296, na programu huendelea na jibu hilo la uongo.

Ubadilishaji wa namba umewahi kuleta hasara kubwa katika lugha nyingine pia. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia muda usiofika dakika moja baada ya kurushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu yake ya uelekezo, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, ilijaribu kuingiza desimali ya biti 64 katika namba kamili ya biti 16, nayo haikuenea.

Katika Haskell kinga ipo: `toIntegralSized` ya moduli ya `Data.Bits` hurudisha `Just` pamoja na namba ikiwa imeenea, na `Nothing` ikiwa haikuenea.