Fahamu: Kwa nini FreeBSD iliiondoa T/TCP

Mwaka 1994 nyongeza ya itifaki ya TCP iitwayo T/TCP ilikuja na ahadi ya kasi: kompyuta itume ombi lake papo hapo, bila kusubiri hatua tatu za kusalimiana. Lakini salamu hizo ndizo zinazothibitisha kwamba anayebisha hodi yuko kweli kwenye anwani anayoitaja. Zikirukwa, mdanganyifu hupenya kwa anwani ya kughushi. Mfumo endeshi wa FreeBSD ulifanya vyema kuifuta T/TCP mwaka 2004.

Wapo watakaosema ingeachwa tu ikiwa imezimwa. Hoja hiyo haisimami, kwani hata msimbo usiotumika hudai matengenezo. Wala kasi haikuzikwa: mwaka 2014 nyongeza nyingine, TCP Fast Open, ilichapishwa kwa majaribio ikiwa na wazo lile lile, safari hii seva ikimpa mteja kitambulisho cha siri. Wazo zuri hutunzwa. Msimbo wenye ufa huondolewa.