Kuukarabati Mfululizo kwa Kuurudisha Wakati Nyuma

Filamu ya X-Men: Days of Future Past, iliyoongozwa na Bryan Singer na kutolewa mwaka 2014, inasimulia safari ya kuvuka wakati, yaani kuhama kutoka enzi moja hadi nyingine, lakini safari hiyo ilitumika pia kuukarabati mfululizo wa filamu ambao ulikuwa umejifungia njia wenyewe. X-Men ni kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel walioasisiwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, nao huitwa mutanti, kwa maana ya watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayowapa uwezo usio wa kawaida na kuwafanya waogopwe.

Tatizo la mfululizo huo lilianza na filamu ya The Last Stand ya mwaka 2006, ambamo mutanti Cyclops na Jean Grey waliuawa, kisha likaongezeka mwaka 2011 pale filamu ya First Class ilipoirudisha hadithi mwaka 1962 kwa kutumia waigizaji vijana, na mambo kadhaa yakapingana na yaliyokwisha kusimuliwa.

Dawa ilipatikana katika hadithi ya katuni ya Chris Claremont na John Byrne iliyochapishwa mwaka 1981, ambamo fahamu za mutanti Kitty Pryde, wala si mwili wake, zinarudishwa katika ujana wake ili azuie mauaji ya mwanasiasa. Katika filamu anayesafiri ni mutanti mwingine, Wolverine, kutoka 2023 hadi 1973, kwa kuwa Kitty alikuwa hajazaliwa na kwa kuwa mwili wa Wolverine hujiponya na hivyo kuhimili safari ndefu. Tena, bila shaka, Hugh Jackman, anayemwigiza Wolverine, ndiye aliyekuwa sura iliyozoeleka zaidi katika mfululizo huo.

Anachotumwa Wolverine kuzuia ndicho kiini cha ubora wa filamu hii. Mutanti Mystique anakusudia kumuua Bolivar Trask, mbunifu wa roboti za kuwasaka mutanti, lakini kifo hicho ndicho kinachowashawishi watawala kwamba Trask alisema kweli, na chembe za mwili wa muuaji, anayeweza kujigeuza umbo lolote, zinatumiwa baadaye kuzipa roboti uwezo wa kubadilika kulingana na adui. Kwa hiyo kisasi kinakuwa mzazi wa maangamizi, na wokovu wa mutanti unategemea mwanamke mmoja kuuzuia mkono wake, jambo zito kuliko mapigano yote yanayolizunguka.

Wolverine anapozinduka, Cyclops na Jean Grey wako hai, na ni yeye pekee anayeikumbuka historia iliyofutwa, sawasawa na mtazamaji aliyezilipia tiketi filamu zote zilizotangulia. Faida hiyo ina gharama yake, maana kifo kinachoweza kutanguliwa hakiombolezwi kwa dhati. Simon Kinberg, mwandishi wa muswada wa filamu hii, alikuwa pia mmoja wa waandishi wa The Last Stand, hivyo aliyafuta aliyoyaandika. Na mwaka 2019 aliirudia hadithi ileile ya Jean Grey katika Dark Phoenix, safari hii akiwa mwandishi na mwongozaji.